UZI: Ukitaka kujua kama mtoto anaelewa past tense, mnyang'anye "yesterday"

Ticha wa Tandika

Habari za usiku wakuu. Mimi ni ticha wa twisheni huku Tandika, nafundisha fomu wani na fomu tuu, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya kupanga, ubao ni plaiwudi tumeipaka rangi nyeusi, mabenchi matano na shabiki moja inayozunguka ikijisikia. Mtoto analeta jero kwa siku, asiyekuwa nayo anakaa tu, tutajuana na mama yake. Leo nimekuja na jambo moja nimelishika mwaka huu na naona uchungu sikulijua mapema.

Ishu ni Kiingereza cha mambo yaliyopita. Hii ni mada ya fomu wani kabisa, na kila mwaka naifundisha, na kila mwaka naona imeeleweka. Unaandika ubaoni "Yesterday I ... to the market", unaacha pengo, pembeni unaweka go. Mtoto anajaza went kabla hujaweka chaki chini. Unasema pigeni makofi, pa pa pa, twende mbele. Nimepiga hayo makofi miaka na miaka.

Mwezi wa tano mvua ilikuwa inanyesha watoto wamekuja wachache, sina haraka, nikabadilisha neno moja tu. Badala ya yesterday nikaandika "A fortnight ago I ... to the market". Darasa kimya. Unasikia mvua tu kwenye bati. Dogo mmoja wa benchi la mbele, ndo kichwa pale, akanyoosha kidole akasema ticha, fortnight si gemu? Wote wakaangua kicheko na mimi nikacheka maana kweli kuna gemu la hilo jina, limetoka 2017, ila herufi wamezichezea makusudi. Nikawaambia haya gemu weka pembeni, jazeni. Nikapita kwenye madaftari. Nusu na zaidi wameandika go. Wengine goes. Mmoja kaweka "have go", huyo nilimshika bega nikamuangalia tu.

Nikakaa kwenye ndoo pale mlangoni nikawaza. Kumbe hawa watoto hawajui past tense, wanajua yesterday. Wakiliona lile neno mkono unaandika went wenyewe, hakuna kichwa kilichohusika. Ni kama konda mgeni anayejua kituo kwa kuangalia kibanda cha chipsi, siku manispaa wakivunja kile kibanda anapitiliza abiria mpaka gereji.

Kuna binti mmoja tu alipata na sio kwamba alikuwa anaijua fortnight, hapana. Nikamuuliza umejuaje, akasema "ticha, sijui hilo neno ila kuna ago pale mwisho". Hapo ndo nikapata akili. Huyu hakuangalia neno analolijua, aliangalia sentensi inamwambia nini kuhusu muda.

Toka siku hiyo nafundisha kwa maneno ya muda ambayo hawajayazoea. The day before yesterday. The year before last. The other day. A fortnight ago. Of late. When my grandmother was a girl. Siku nyingine naweka hata neno lililokufa ambalo Mwingereza mwenyewe halitumii, nikiwa nimewaambia kabisa kwamba hili limekufa msiende kulisema mbele za watu. Na swali ni moja kwa kila sentensi kabla hawajagusa kitenzi: huo muda mlango wake umefungwa au upo wazi? Ukifungwa, went. Ukiwa wazi mpaka sasa, ile ya have. Basi.

Matokeo nayaona. Nataka kusikia kwa walimu wenzangu na wazazi, hii kitu mmeshaikuta au mimi ndo nimechelewa?

nyuki mweusi

Ngoja nikae hapa na kahawa yangu. Maticha njooni.

Bakora ya Mwisho

Ticha nakuheshimu ila mimi nipo shule ya serikali miaka 11 nakwambia ukweli, unapoteza muda wa watoto. Darasa langu lina wanafunzi 90 na kitu, vipindi vyenyewe unavijua, mtihani wa fomu tuu hauulizi fortnight wala nini. Unawapa yesterday, last week, in 2010, ago, wanakariri, wanafaulu, maisha yanaenda. Wewe una watoto ishirini kwenye kibanda ndo maana una nafasi ya kucheza na maneno ya bibi zake Mfalme. Mtoto hajui went unampa the year before last, si kumtwisha mzigo juu ya mzigo?

Ticha wa Tandika

Mkuu Bakora sikupingi kuhusu wingi wa watoto, hapo umesema kweli tupu na mimi nisingeweza. Ila hilo la mtihani ngoja nikujibu. Hivi fomu foo wanaulizwa nini kwenye lile swali la kuandika upya sentensi? No sooner... than. Hardly... when. By the time. Hayo yote ni maneno ya muda ambayo hayajazoeleka, na kila moja linabeba tensi yake mgongoni. "No sooner had he sat down than the rain started." Sasa mtoto aliyezoea kuona yesterday anajaza, akikutana na hardly anaona kama ni neno gumu la msamiati, hajui kwamba lile ni saa ya ukutani linamwambia kipi kilitangulia. Ndo wanaandika "Hardly he sits when rain starting". Tunawasahihisha kwa kalamu nyekundu fomu foo wakati ugonjwa wameupatia fomu wani.

Na sisemi uanze na fortnight. Yesterday wafundishe. Ila wakishaijua, inyang'anye uone wamebaki na nini.

Bint Pangani

Umenikumbusha mbali. Sie kwetu bibi alikuwa anahesabu kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Siku ya nne kutoka leo ina jina lake! Nikija Dar nikimwambia mtu nitakulipa mtondogoo ananiangalia kama namtukana 😂

KondaMstaafu

@Bint Pangani sasa wewe ukinikopa hela ukasema utalipa mtondogoo mimi nitajua umenihama mji

Ticha wa Tandika

Bint Pangani umeniletea silaha nyingine dada angu. Hilo nalitumia darasani sana, hebu tulitazame kidogo maana lina utamu.

Sisi kwenda mbele tuna hatua nne: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Kurudi nyuma tuna mbili tu, jana na juzi, baada ya hapo tunaanza kusema siku tatu zilizopita. Mwingereza wa leo ana moja moja, yesterday na tomorrow. Akitaka kusema juzi lazima apande mlima, "the day before yesterday", silabi saba kwa neno letu la silabi mbili. Zamani alikuwa nayo, walisema ereyesterday, na keshokutwa ilikuwa overmorrow. Yakafa. Mjerumani ambaye ni binamu yake bado anayo na anayasema kila siku, vorgestern na übermorgen.

Sasa mtoto wa Tandika anapoambiwa kwamba kwenye jambo hili Kiswahili chake kina vitu ambavyo Mwingereza alivipoteza, anakaa vizuri kwenye benchi. Haoni tena Kiingereza ni mlima wa vitu asivyonavyo. Halafu namwambia haya, juzi inajifungua kwa vipande: the day, before, yesterday. Siku, kabla ya, jana. Mwaka juzi, the year before last. Mwenyewe anatunga: the week before last, the night before last. Hakukariri, kajenga.

Na ile ago. Hapa wakuu ndo nilipojiona mjinga maana nimelifundisha hili neno miaka yote bila kulitazama usoni. Ago asili yake ni agone, yaani iliyokwenda, iliyopita. Kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611, Samweli wa Kwanza sura ya 30, kuna kijana Mmisri anasema "three days agone I fell sick". Siku tatu zilizopita. Mnaona inakaa wapi? Mwishoni, vilevile kama sisi. Wiki mbili zilizopita, two weeks ago. Watoto wote walionisumbua na "before two weeks I went" nimewamaliza kwa sentensi moja: ago ndo "zilizopita", na inakaa palepale inapokaa kwenye Kiswahili chako. Hawajarudia.

Mlinzi wa Ferry

Naombeni kuuliza kijinga, fortnight ni siku ngapi sasa maana mnaijadili tu

Ticha wa Tandika

Swali sio la kijinga mkuu. Wiki mbili. Ni fourteen nights imegandana, usiku kumi na nne. Na wiki moja walikuwa wanaita sennight, usiku saba, hiyo imeshakufa. Wazee wa Kiingereza walikuwa wanahesabu kwa usiku.

Na hili sisi tunalielewa kuliko Mwingereza wa leo. Mzee wa Kiswahili ukimwambia usiku wa Ijumaa, anajua ni Alhamisi jua likishazama, maana siku inaanza magharibi. Ndo maana redioni wanasema usiku wa kuamkia leo. Hata wao kimewabakia kidogo, Christmas Eve si ni usiku unaoamkia Krismasi? Sisi tunasema mkesha. Ila kwenye matumizi ya kawaida wamehama, kwa hiyo mtoto anaandika "yesterday night" kwa sababu kichwani ana jana usiku, na kwa Kiingereza chao ni last night. Yesterday morning sawa, yesterday evening sawa, ikifika usiku inageuka last night. Last morning haipo. Usiniulize kwa nini, ndo wenyewe walivyoamua.

dada wa Minnesota

Nasoma kimya kimya toka mwanzo. Mimi nipo Marekani mwaka wa tisa nikwambie tu ticha, huku ukisema fortnight wanakutolea macho, ni two weeks tu. Hilo ni la Waingereza na sisi tuliotawaliwa nao. Na hiyo have yenu mnayoipigania huku hawaijali kivile. Mtu anakuuliza "did you eat yet?" unamjibu "I already ate". Mwalimu wangu wa sekondari angenichapa kwa hiyo sentensi, alitufundisha already lazima have. Nilivyofika nikawa naongea "I have already eaten" wakanambia unaongea kama kitabu.

Ticha wa Tandika

Asante dada, hilo ni la msingi na huwa nawaambia fomu tuu. Already, just na yet, Mmarekani anazipeleka na went bila wasiwasi. Ila angalia, hata huyo Mmarekani hasemi "I have seen him yesterday". Huo mlango wote wawili wameufunga. Kwa hiyo nawaambia kwenye karatasi ya mtihani andika have na already, ukienda Minnesota fanya kama wenyeji.

mama wawili

Ticha shikamoo kwanza. Mimi binti yangu yuko fomu wani, Kiingereza anaongea mwenyewe jikoni anajirekodi. Jana nimemsikia anasema "I have been born in 2012". Nikamwambia mbona inasikika vibaya akanambia mama si NIMEzaliwa, nime ni have. Nikakosa jibu. Yupo sawa au?

Ticha wa Tandika

Marahaba mama. Binti yako ana akili sana na amekosea kwa sababu ana akili. Hapa ndo penyewe, ngoja nivute kiti.

Sisi tunafundisha darasani kwamba -li- ni went na -me- ni have gone. Alienda, he went. Ameenda, he has gone. Kwenye ubao inapendeza. Ila toka nje usikilize watu wanavyoongea hapa Dar: nimemuona jana. Nimezaliwa 2012. Ameoa mwaka juzi. Wenyewe hatuoni tatizo, -me- yetu inakaa na jana vizuri tu kwenye maongezi. Have ya Kiingereza haikai na jana hata kwa dawa. Ukiishataja lini, have inaondoka. Kwa hiyo mtoto anayetafsiri -me- kwa have anakuwa mwaminifu kwa mama yake na anakosa maksi.

Halafu kuna -me- nyingine ambayo wala sio ya jambo lililopita. Amelala. Amesimama. Amevaa. Amechoka. Mtu ukisema amelala hapo hapo yupo kitandani anakoroma. Mtoto anaandika he has slept, he has stood, she has worn a red dress, wakati Mwingereza anataka he is asleep, he is standing, she is wearing. Hizo nimezihesabu kwenye daftari moja zikafika tisa.

Ndo maana nasema usianze na kitenzi. Ukianza na kitenzi unampa mtoto -me- sawa na have na umemuua. Anza na muda. Muulize binti lini? Akisema 2012 mwambie mlango wa 2012 umefungwa, huwezi kuingia wala kutoka, I was born in 2012. Sasa mwambie "nakaa Tandika toka 2016", mlango upo wazi maana bado yupo. Hapo Kiswahili kinasema nakaa, wakati uliopo, na yeye ataandika "I am living here since 2016". Mwambie hiyo toka ndo since na since anataka have, I have lived here since 2016. Ataona maajabu, penye nime hamna have, na penye na ndo ipo have.

mama wawili

Nimemsomea yote. Kasema "sasa mama si bora tuwafundishe wao Kiswahili". Nimecheka jamani.

KondaMstaafu

Mtoto huyo mpelekeni bungeni

Receptionisti Mstaarabu

Wacha niwape yaliyonikuta, kabla sijaacha kazi nilikuwa mapokezi hoteli moja huku ufukweni, jina niachieni. Usiku simu inapigwa, mzungu anamuulizia mwenzie chumba fulani. Mimi najua mgeni yule kalala, kaniambia mwenyewe asisumbuliwe. Nikajibu kwa kujiamini "Sorry sir, he has slept". Kimya. Akauliza "he has slept... where?" Nikasema in his room. Akasema so he's awake now, put me through. Yaani kwake keshalala na kuamka! Nikaunganisha simu, jamaa aliamka na matusi ya kwao yote. Asubuhi nimeitwa ofisini.

Na nyingine hiyohiyo hoteli, mwenzangu aliandika kwenye kitabu "the guest left at 2 o'clock" akimaanisha saa mbili asubuhi. Meneja anatafuta kwenye kamera ya saa nane usiku anaona geti limefungwa, wakadhani kuna wizi, mlinzi akawekwa kikao. Kumbe ni eight o'clock tu. Masaa sita hayo yanaweza kumfukuzisha mtu kazi.

Ticha wa Tandika

Hahaha daah pole sana. Hiyo ya "he has slept" naiba, kesho naipeleka darasani. Na la saa ni kweli, nina dogo kaandika insha "I woke up at 12 o'clock and prepared for school", nikamuita nikamuuliza unaamka saa sita mchana? Akanishangaa. Kwake ni saa kumi na mbili alfajiri, giza bado, anakimbilia daladala. Namba inabaki ileile kichwani, mishale ndo inatuonyesha kitu kingine.

Bakora ya Mwisho

Nimesoma tena. Hiyo ya -me- nakubali, sikuwahi kuisema hivyo darasani. Ila nina moja kwako, mbona watoto wangu sentensi ya kwanza wanapata vizuri halafu insha inavyoendelea wanarudi wakati uliopo? Anaandika "I went to Kariakoo, I find my uncle, I tell him, he give me money". Mwanzo went safi, halafu anasahau kama alikuwa kwenye past. Maneno yako ya muda hayasaidii hapo maana neno la muda lipo mwanzoni tu.

Ticha wa Tandika

Bakora leo umeuliza swali la kiticha. Hasahau kaka, anatafsiri. Sikiliza Kiswahili chake: nilienda Kariakoo, nikamkuta mjomba, nikamwambia, akanipa hela. -li- ni moja tu, pale mlangoni. Zikaja -ka- -ka- -ka-. Kwetu ukishafungua hadithi kwa -li- hurudii, -ka- inavuta zote nyuma yake kama behewa. Kiingereza hakina -ka-. Kila behewa linapigwa mhuri wake, went, found, told, gave. Mtoto anafika kwenye nikamkuta anatafuta alama ya wakati uliopita haioni, anaandika find.

Ninachofanya mimi: anaandika hadithi fupi kwa Kiswahili kwanza, mistari minne, tunazungushia kila -ka- kwa kalamu. Halafu namwambia kila duara ni went mwenzie. Wanapenda maana ni kama mchezo. Na neno la muda nalirudisha katikati makusudi, that very evening, the next morning, no sooner, ili mlango uendelee kuonekana umefungwa.

Na "I didn't went" nayo naikamata kwa Kiswahili. Nilienda ukikataa unasema siliendi? Hapana, unasema sikuenda, -li- imeondoka imeingia -ku-. Basi na Kiingereza hivyohivyo, did ikishaingia went inaondoka inabaki go. Kazi ya kusema "ilipita" inafanywa na mmoja.

Bakora ya Mwisho

Hiyo ya behewa nitaijaribu Jumatatu kwa 90. Nikishindwa nakuja kukudai humu.

Mchungaji Asiye na Kanisa

Mmetaja Biblia ya zamani nami nitie langu. Mwanzo 31, Labani anamwambia Yakobo Mungu wa baba yako amesema nami yesternight. Nilikuwa kijana nikaisoma nikaenda kumuambia mmishenari mmoja "I saw you yesternight" akacheka mpaka akakaa. Sikujua limekufa.

Ticha wa Tandika

Mchungaji hilo ndo lile nawaonya watoto. Yesternight limekufa, ila ndugu yake yesteryear yupo hai kwenye magazeti, na cha ajabu huyo yesteryear ni mdogo sana, katungwa 1870 na mshairi wa London, Dante Gabriel Rossetti, alikuwa anatafsiri shairi la Kifaransa la Villon akakosa neno la kuweka mahali pa antan, yaani mwaka uliopita, akaunda lake. Watu wanadhani ni neno la enzi na enzi. Mimi naliweka ubaoni siku ya Ijumaa tukishachoka.

Ila yanayofanya kazi sio ya makumbusho, ni haya ambayo hayajazoeleka tu lakini yanaishi. Mfano the other day na of late. Mtoto anaona yote ni "hivi karibuni". The other day ni juzijuzi, juzi kati pale, ilitokea ikaisha: I saw your brother the other day. Of late ni siku hizi, bado linaendelea: I have not seen your brother of late. Ukimpa hayo mawili kwa mpigo hawezi kukariri, lazima ajiulize la mlango. Recently ndo kigeugeu, anakaa kote kote, huyo namuacha mpaka wakomae.

Mlinzi wa Ferry

Ticha mimi lindo langu linaisha asubuhi, nimesoma uzi wote usiku huu kwenye simu. Unapokea watu wazima? Jumamosi ile nilipita Tandika nikauliza kwa muuza maji nikaelekezwa nikakuta umefunga. Nimejaribu kuandika mwenyewe usinicheke: "I have come to your class the other day but you went."

Ticha wa Tandika

Sikucheki mzee wangu, napokea wote, kuna fundi cherehani hapa ana miaka 50 na kitu anakaa benchi la mbele na wajukuu. Sasa sentensi yako tuitazame. The other day, mlango umefunguka au umefungwa?

Mlinzi wa Ferry

Umefungwa. Hata mlango wako ulikuwa umefungwa.

KondaMstaafu

🤣🤣🤣

Ticha wa Tandika

😂 Haya. Umefungwa, kwa hiyo have itoke. "I came to your class the other day." Na mimi, wewe ulivyofika nilikuwa naondoka ndo unaniona, au nilikuwa nimeshaondoka?

Mlinzi wa Ferry

Ulikuwa umeshaondoka. Muuza maji kasema umeondoka zamani. The other day I came to your class but you had went

Ticha wa Tandika

Had gone. Ila had umeipata mwenyewe hakuna aliyekwambia. Njoo Jumamosi saa nne, saa nne yetu lakini, usije ukanitokea four o'clock ukakuta tena mabati matupu.

Mlinzi wa Ferry

Nakuja. Jumamosi ni mtondo kutoka leo, nimehesabu.

Bint Pangani

Leo Jumatano?

Mlinzi wa Ferry

Ilikuwa Jumatano nilivyoanza kusoma. Nimevuka usiku humu humu.

Bint Pangani

Basi ni Alhamisi baba angu, Jumamosi ni keshokutwa.